Farasi Wako Amefikaje Melbourne?

Nimekuwa kimya siku kadhaa. Kazi za gazeti zilinipeleka Songea, na anayeijua barabara ile kutoka Dar anajua kwamba ukishuka kwenye basi kiuno chako si chako tena. Nilifika usiku, asubuhi mhariri akataka habari, na aya ya kwanza niliyomtumia ilikuwa aibu tupu. Kichwa kilikuwa bado kiko barabarani.

Basi, niliporudi nyumbani nilimkuta mdogo wangu kainamia kompyuta. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni, mwaka wa mwisho, na yeye na wenzake watatu wanatengeneza gemu ya mbio za farasi kama mradi wao. Akaniita nione. Farasi wake kashinda Epsom, Uingereza. Akabonyeza kitufe kimoja, farasi huyo huyo akatokea Melbourne, Australia, nguvu 100 kwa 100, anang'aa kama katoka kuogeshwa.

"Amefikaje huko?" nikauliza.

"Kaka, hii ni gemu bwana. Nani anataka kuangalia farasi akisafiri?"

Nikamwambia tuwekeane sharti. Nikimwonyesha mbio moja maarufu iliyoshindwa barabarani kabla farasi hawajafika uwanjani, ataiweka safari kwenye gemu yake. Akakubali, maana alijua hakuna. Haya, msomaji, kuwa shahidi.

Tuanzie miaka ya 1700. Farasi bora wa Uingereza zama hizo aliitwa Eclipse. Alikimbia misimu miwili tu, 1769 na 1770, mbio 18, na hakushindwa hata moja. Lakini tazama viwanja alivyokimbia: Epsom, Canterbury, Salisbury, York, Lincoln. Hakukuwa na treni wala lori. Alikwenda kwa miguu, saisi wake akimwongoza, mwendo wa siku na siku. Ilibidi watangulie mapema ili farasi apumzike kabla ya kukimbia. Kwa hiyo ukichagua mbio za York, umejinyima mbio nyingine zote za kusini kwa wiki kadhaa. Kwa mwenye farasi, ramani ilikuwa sawa na kalenda.

Na kuna kichekesho kimoja. Eclipse alikuja kupanda gari uzeeni, miguu ilipokuwa imechoka, alipohamishwa mara ya mwisho mwaka 1788, miezi michache kabla ya kufa. Ndugu zangu, farasi mwenye mbio kuliko wote nchini alipewa lifti siku ambayo hakuwa na pa kuwahi!

Sasa ndio tufike kwenye sharti letu. Mwaka ni 1836. Kuna bwana mmoja anaitwa Lord George Bentinck, mbunge, mtoto wa ukoo mkubwa, na mcheza kamari wa kutisha. Ana farasi anaitwa Elis aliyeandikishwa kukimbia St Leger huko Doncaster, kaskazini mwa Uingereza. Elis yuko Goodwood, kusini kabisa, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Kwa miguu, hiyo ni safari ya kama wiki mbili.

Siku zikapita. Wapokea dau walikuwa na watu wao wa kuchungulia mazizi, na taarifa zikawa zile zile: Elis bado yuko Goodwood. Ilipobaki wiki moja, wakapiga hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeipiga: huyu hafiki. Bei yake ikapanda. Bentinck alitaka apewe 12 kwa 1, yaani akiweka pauni 1 na farasi akashinda alipwe 12, na alipoipata akamwaga fedha.

Kumbe alikuwa ameagiza gari. Lilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye magurudumu, ndani limewekewa mito ili farasi asijigonge, likikokotwa na farasi wengine sita waliokuwa wakibadilishwa njiani kama wa magari ya posta. Elis akapandishwa humo pamoja na farasi mwenzake wa kumtuliza. Njiani, mjini Lichfield, wakamshusha akanyoosha miguu kidogo, kisha safari ikaendelea. Siku chache tu, yuko Doncaster, hana vumbi wala uchovu. Akashinda St Leger. Waliopokea dau wakalia.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1816 farasi aitwaye Sovereign alipelekwa Newmarket kwa gari la kubebea ng'ombe. Miaka 20 ikapita bila watu kuona maana yake. Bentinck aliona kwamba kila mtu anahesabu kasi ya farasi na hakuna anayehesabu barabara.

Mdogo wangu akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hiyo ni moja. Baadaye treni zilikuja, mambo yakaisha."

Hayakuisha. Reli zilipoenea miaka ya 1840 na kuendelea, ujanja wa Bentinck ukawa wa kila mtu, na farasi mmoja akaweza kukimbia mara nyingi zaidi kwa mwaka. Lakini kuna mahali reli haikufika, na huko bahari ikachukua kazi.

Melbourne Cup ya kwanza ilikimbiwa mwaka 1861, na mshindi alikuwa Archer kutoka New South Wales. Waaustralia walisimuliana kwa miaka mingi kwamba Archer alitembea kama kilomita 800 kutoka kwao hadi Melbourne, kisha akashinda. Hadithi tamu, lakini si kweli. Alipanda meli ya mvuke kutoka Sydney, akafika kwa siku chache. Mimi kama mwandishi wa habari najiuliza kwa nini watu waliipenda ile hadithi kuliko ukweli. Nadhani ni kwa sababu mioyoni mwao walijua kwamba ushindi bila safari ni nusu ya ushindi. Walipoona safari ya kweli ni fupi mno, wakamtungia nyingine.

Na meli haikuwa mteremko. Mwaka 1876 meli City of Melbourne ilitoka Sydney ikiwa na farasi wa mbio waliokuwa wakipelekwa Melbourne, ikakutana na dhoruba. Wengi wa farasi wale walikufa humo melini. Hawakuuona hata uwanja. Kwenye gemu ya mdogo wangu, farasi hao wangebonyezewa kitufe wakatokea wanang'aa.

Halafu yuko Phar Lap. Huyu alizaliwa New Zealand, akatawala Australia, akashinda Melbourne Cup ya 1930. Baadaye akavushwa Bahari ya Pasifiki kwa meli hadi San Francisco, kisha barabarani hadi Agua Caliente, Tijuana, mpakani mwa Mexico. Tarehe 20 Machi 1932 akashinda huko pia. Siku 16 baadaye, tarehe 5 Aprili, akafa ghafla California, mikononi mwa saisi wake, Tommy Woodcock, aliyekuwa ameandamana naye njia nzima. Hata maiti yake haikutulia: ngozi iko Melbourne, moyo uko Canberra, mifupa iko Wellington.

Leo ni ndege. Farasi anatoka Ulaya hadi Australia kwa siku moja na kitu. Vintage Crop kutoka Ireland alishinda Melbourne Cup mwaka 1993, wa kwanza aliyefunzwa kaskazini mwa dunia. Lakini ndege nayo inadai chake. Farasi akifungwa muda mrefu kichwa kikiwa juu, hawezi kukiinamisha kusafisha njia ya hewa, na mapafu huweza kushambuliwa. Ndiyo maana kuna homa inayopewa jina la safari. Halafu kuna karantini. Mwaka 2007 homa ya mafua ya farasi ilipenya kutoka kituo cha karantini cha Sydney, maelfu ya farasi wakaugua, na mbio zikasimama New South Wales na Queensland. Safari ya farasi wachache iliwafungia nyumbani farasi wa majimbo mawili.

Nikamwambia mdogo wangu, hata sisi tulipaswa kulijua hili. Kwa nini mizigo ya misafara kutoka bara hadi Bagamoyo ilibebwa vichwani mwa watu? Kwa sababu mbung'o na maradhi ya farasi viliua wanyama njiani. Babu zetu wapagazi walibeba kwa sababu farasi asingefika. Leo sisi ndio tuandike gemu ambayo farasi anafika popote bila gharama?

Akaja na hoja yake, na nikiri ilikuwa nzuri: "Sawa kaka, lakini mchezaji hawezi kukaa wiki mbili anaangalia farasi anatembea. Atafunga gemu."

Ni kweli. Lakini Bentinck hakushinda kwa kuangalia farasi wake akitembea. Alishinda kwa kuamua. Mchezaji aulizwe tu: unakwenda York au unabaki kusini? Utaondoka lini? Unalipia gari zuri au la kubebea ng'ombe? Umepeleka rafiki wa kumtuliza? Saisi gani anakwenda naye? Kisha farasi ashuke na nguvu 70 au 90 kulingana na majibu, na mara moja moja bahari ichafuke. Safari nzima inachukua dakika moja kwenye skrini, lakini ni dakika ya kuumiza kichwa.

Jana usiku ameniita tena nione. Farasi wake alishuka Melbourne na nguvu 61, akamaliza wa tisa. Amekasirika, anasema gemu yake mwenyewe inamwonea. Nikamwambia karibu sana, hivyo ndivyo nilivyojisikia nilipotoka Songea.

Ameshaweka saisi, ila hajampa jina, na hapo bado tunabishana. Mimi nasema apewe jina, maana kati ya wote waliowatembeza farasi kutoka kijiji hadi kijiji, ni wachache mno tunaowajua. Ninyi mnasemaje?