Mti Mmoja, Chai Mbili

Ndugu zetu, hivi karibuni tulipewa zawadi: kikopo cha chai ya kijani kutoka Japani. Tukaipika kama tulivyolelewa: maji yachemke kwelikweli, majani ndani, tungoje. Ikatoka chungu kama dawa! Tulipouliza tumekosea wapi, tukajikuta tunajifunza historia ya kwetu.

Kumbe mti ni uleule. Majani ya Japani na majani ya Mugamba, milimani juu ya Rumonge, ni ya mmea mmoja. Tofauti ni kazi ya mikono. Wajapani huyapitisha kwenye mvuke mara tu yakichumwa, ili yabaki kijani. Kwetu, kiwandani Tora, majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, halafu hukaushwa. Ndiyo chai ya rangi tunayoijua.

Sisi watu wa ziwani hatukulima chai. Rumonge ni joto, ni nchi ya mawese na ndagala. Chai inataka baridi ya juu. Wabelgiji waliileta Burundi enzi za ukoloni, na baadaye vikawepo viwanda vitano: Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro. Lakini chai nyingi haikubaki nchini. Hupelekwa hadi Mombasa, kwenye mnada ulioko huko tangu 1969. Wanunuzi huichanganya na chai za nchi nyingine, na jina la Burundi linapotelea ndani ya pakiti.

Hapo ndipo tulipoguswa. Mwaka 1972 wazee wetu walivuka ziwa kukimbilia Kigoma. Waliacha nyumba na michikichi, na wengi waliporudi walikuta mashamba yana watu wengine. Ng'ambo nao walipewa jina moja tu: wakimbizi. Kila mtu alikuwa na mlima wake aliotoka, lakini nani aliuliza?

Basi tumerudia kupika. Maji yakichemka, yaacheni yapoe kidogo, kama digrii 70. Tieni majani, ngojeni dakika moja hivi, msitie sukari. Safari hii ikatoka laini, na utamu wake kwa mbali. Bibi mmoja akaonja, akasema, "Hii ni chai ya mgonjwa, nileteeni yangu ya tangawizi." Tukampa. Halafu tukamuuliza mlima wake, akaanza kusimulia mpaka usiku.

Na nyinyi, ndugu na wafanyakazi wa misaada, mkikaribishwa chai, ulizeni imetoka wapi. Na anayewamiminia, mwulizeni pia.