Mkono Ushikao Mali ya Wengi

Mtu afapo, warithi hugawana alichokiacha. Kampuni ifapo, wajao mlangoni ni wadai, wafanyakazi na wenye hisa, na mara nyingi kilichobaki hakiwatoshi wote. Hapo hapana budi apatikane mtu wa kushika funguo, kuhesabu mali, kuiuza na kulipa kila mtu kwa haki yake. Lakini ni nani atazamaye mikono ya mtu huyo? Swali hili liliisumbua Uingereza kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, na jawabu lake lilifika hata Afrika Mashariki.

Mwaka 1831, kwa juhudi za Lord Brougham, sheria iliweka maafisa wa kudumu wa kupokea mali ya watu waliofilisika. Nia ilikuwa njema, lakini malalamiko ya gharama na uzembe hayakukoma. Mwaka 1865 Lord Westbury, aliyekuwa mkuu wa mahakama na sheria katika serikali, alijiuzulu baada ya Bunge kulaumu jinsi pensheni na nafasi za maafisa zilivyotolewa, mojawapo ikiwa ya msajili wa mahakama ya ufilisi mjini Leeds.

Sheria ya 1869 ikageukia upande wa pili. Maafisa wale waliondolewa, na wadai wakaachiwa kumchagua msimamizi wao wenyewe. Ilidhaniwa kuwa mwenye mali hakosi kuilinda mali yake. Lakini wadai walikuwa wametawanyika, na deni la mmoja mmoja lilikuwa dogo. Wengi hawakuhudhuria mikutano. Wajanja wakakusanya hati za kuwapigia kura wasiokuwapo, wakajipatia usimamizi, na fedha zikakaa mikononi mwao bila ya hesabu kudaiwa. Wahenga walisema kweli kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1883 Joseph Chamberlain, mkuu wa Bodi ya Biashara, alipitisha sheria iliyogawa kazi hiyo. Wadai walibakiziwa haki ya kuchagua msimamizi, lakini kando yake aliwekwa afisa wa serikali, Mpokezi Rasmi, wa kuilinda mali mwanzoni na kuchunguza mwenendo wa mfilisika. Afisa huyo aliteuliwa na Bodi, na papo hapo alikuwa mtumishi wa mahakama.

Sheria ya 1890 ilipeleka mpango huo kwenye makampuni. Mahakama ikiamuru kampuni ivunjwe, Mpokezi Rasmi alikuwa mfilisi wa muda mara moja. Alipaswa kuipa mahakama taarifa ya mtaji, mali, madeni na sababu za kuanguka, na kusema kama ameona udanganyifu. Mfilisi naye alikatazwa kutia fedha za kampuni katika akaunti yake mwenyewe, na hesabu zake zilikaguliwa. Akizuia zaidi ya pauni 50 kwa zaidi ya siku 10 bila ya udhuru, alitozwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, na aliweza kuondolewa kazini.

Jaribio halikukawia. Mwaka 1892 chama cha ujenzi cha Liberator na makampuni yaliyofungamana nacho yalianguka, na akiba ya maelfu ya watu wa kipato kidogo ikapotea. Mwanzilishi wake, mbunge Jabez Balfour, alikimbilia Argentina. Alirudishwa mwaka 1895 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 14. Katika London and General Bank, mojawapo ya makampuni hayo, Mpokezi Rasmi aliwashtaki wakurugenzi pamoja na mkaguzi wa hesabu. Mwaka 1895 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa mkaguzi naye awajibike kwa gawio lililolipwa kutoka katika mtaji.

Hata hivyo mlinzi mwenyewe aliwekewa mpaka. Mwaka 1896 majaji wa Nyumba ya Malodi waliamua kwamba mtu hawezi kuitwa ahojiwe hadharani, ila taarifa ya Mpokezi Rasmi iwe imemtaja na kueleza kuwa ameonekana na udanganyifu. Shaka tupu haikutosha kumvunjia mtu heshima.

Mpango huo ulivuka bahari pamoja na utawala. Sheria ya makampuni ya Tanganyika ya 1932 na ile ya Kenya ya 1959 zilifuata mfano wa Uingereza. Baada ya uhuru nchi hizi zilitunga sheria zao. Tanzania iliunda Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini mwaka 2006, na Kenya ikapata Sheria ya Ufilisi mwaka 2015. Kazi ya Mpokezi Rasmi ilibaki.

Miaka ile ya majaribio yafunza kuwa cheo cha serikali hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu, wala uchaguzi wa wadai haumfanyi kuwa mwangalifu. Kilichosaidia ni kumweka mshika mali mbele ya macho mengi: wadai, mahakama, Bodi na mkaguzi. Pale jicho moja lisinziapo, mwenye pauni chache ndiye wa kwanza kuumia, maana hana nguvu ya kudai peke yake.