Maikrofoni Tano na Njia Mbili

Bishana na mtu yeyote mtaani kuhusu Illmatic ya Nas na hamtafika mbali kabla hajakukumbusha kwamba ile albamu ilipata maikrofoni tano. Wengi wanaoitaja alama hiyo hawajawahi kushika jarida lililoitoa. Lilikuwa The Source, la Marekani. Lilipima albamu kwa maikrofoni, kutoka moja hadi tano, na tano hazikutolewa ovyo. Waliolianzisha walikuwa wasee wa umri wetu huu, wakitafuta riziki katika kazi ambayo ilikuwa bado haina jina. Walifaulu kuliko walivyotarajia, kisha wakatengana vibaya kwa sababu ya swali ambalo kila anayeandika kuhusu muziki Nairobi analijua: ukila meza moja na wanamuziki, nani atakuamini ukisema ngoma yao ni kali?

Tuanze 1988. David Mays, kijana mzungu kutoka Washington, alikuwa mwanafunzi Harvard na alikuwa na kipindi cha hip hop kwenye WHRB, redio ya wanafunzi. Rap ilishaanza kuuza, lakini magazeti mengi makubwa bado yaliichukulia kama mtindo wa kupita tu. Wasikilizaji wa Mays walitaka kujua zaidi, kwa hivyo akawa anakusanya majina na anwani zao. Agosti mwaka huo, yeye na mwanafunzi mwenzake, Jonathan Shecter, wakatoa karatasi moja ya habari za muziki na kuituma kwa watu wa orodha ile. Karatasi hiyo moja ndiyo ilikuwa The Source.

Hebu angalia mtaji wao. Doo zilikuwa chache. Kitu cha thamani kilikuwa ile orodha: watu wanaopenda muziki huu, na wanaomwamini kijana anayewaambia kipi kizuri na kipi takataka. Lebo na maduka ya muziki yalitaka kuwafikia watu hao, kwa hivyo yakalipia matangazo. Yaani tangu mwanzo jarida lililishwa na wale wale lililotakiwa kuwapima. Hiyo si siri wala si dhambi, maana majarida mengi ya muziki huishi hivyo. Lakini ni sawa na kuwasha jiko ndani ya nyumba ya makuti: utapika, ila lazima mtu akae macho.

Mays alipomaliza masomo 1990, jarida likahamia New York. James Bernard, aliyekuwa akisomea sheria Harvard, alikuwa miongoni mwa wahariri, na baadaye akaja Reginald Dennis. Ofisi ikajaa vijana ambao cheti chao kikubwa kilikuwa masikio. Mmoja wao, Matteo Capoluongo, aliyejulikana kama Matty C, ndiye aliyeshika safu iliyoitwa Unsigned Hype. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kaseti za demo za wasanii wasio na mkataba, halafu kumchagua mmoja wa kuandikwa. Julai 1991 safu hiyo iliwaandika vijana wawili wa Queens waliojiita Poetical Prophets. Sisi tunawajua kama Mobb Deep.

Kisha ikaja kaseti ya jamaa mmoja mnene wa Brooklyn, iliyopitia mikononi mwa DJ Mister Cee. Machi 1992 The Notorious B.I.G. akatokea kwenye safu ile. Wakati huo Sean Combs, huyo huyo aliyehukumiwa kifungo 2025, alikuwa kijana wa miaka 22 aliyeacha chuo cha Howard na kuingia Uptown Records. Alikuwa anasaka rapa mpya, na Matty C ndiye aliyemwelekeza kwa Biggie. Septemba 1994 albamu ya Ready to Die ikawa madukani.

Mwaka huo huo, ile tahakiki ya Illmatic iliandikwa na Minya Oh, msichana aliyeingia pale kama mwanagenzi na kutia sahihi kwa jina la Shortie. Fikiria uzito wake. Mwanagenzi anaandika kwamba albamu ya kijana wa miaka 20 imetimia, na miaka thelathini baadaye watu bado wanatumia neno lake kumaliza ubishi. Baadaye alikuja kuwa sauti kubwa ya redio New York kwa jina la Miss Info. Mlango wake ulifunguliwa na tahakiki ambayo watu waliiamini.

Sasa kisanga. Mays, mwenye jarida, alikuwa pia meneja wa kundi la Boston lililoitwa The Almighty RSO, ambalo mmoja wa wasanii wake alikuwa Raymond Scott, yaani Benzino. Walijuana tangu siku za redio ya chuo. Wahariri hawakuliona kundi hilo kuwa la kuandikiwa makala ndefu. Katika toleo la Novemba 1994, Mays akaingiza makala ya kurasa tatu kuhusu kundi lake bila wahariri kujua. Walipogundua, walimtaka aondoke. Hakuondoka. Wakaondoka wao: Shecter, Bernard, Dennis na wengine kadhaa.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Usidhani maana yake ni kwamba mwandishi hafai kuingia kwenye biashara ya muziki. Tazama waliotoka walielekea wapi. Bernard na Dennis walishiriki kuanzisha jarida la XXL mwaka 1997. Shecter alifungua lebo yake, Game Recordings, ambayo 1998 ilitoa ngoma ya Eminem na Royce da 5'9". Matty C naye aliingia Loud Records na kuwasimamia wale wale Mobb Deep walipotengeneza The Infamous ya 1995. Wote hawa walihama upande mmoja kwenda mwingine, na kila mtu aliwaona wakihama. Matty C alipomwelekeza Combs kwa Biggie, msomaji hakudanganywa, kwa sababu safu yenyewe ilisema waziwazi kazi yake: huyu hana mkataba, msikilizeni. Ile makala ya RSO ilikuwa kitu tofauti. Msomaji alipewa tangazo lililovishwa nguo za habari.

Utasema mbona jarida halikufa. Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 The Source liliuza kwenye vibanda vya magazeti kuliko Rolling Stone. Imani ya msomaji haikatiki siku moja kama stima. Huisha polepole kama akiba. Benzino akaja kutajwa kama mmoja wa wenye jarida, na alipogombana na Eminem, jarida likageuzwa silaha ya ugomvi huo. Ni Eminem yule yule ambaye Unsigned Hype ilimwandika Machi 1998, kabla dunia haijamjua. Januari 2006 bodi ikawaondoa Mays na Benzino. Oktoba mwaka huo, Kim Osorio, mwanamke wa kwanza kuwa mhariri mkuu pale, alishinda kesi mahakamani. Jopo lilisema alilipiziwa kisasi na kuchafuliwa jina, likampa dola milioni 15.5, kiasi ambacho baadaye kilipunguzwa.

Tuje huku kwetu. Hatufanani na wale wa Harvard, tusijidanganye. Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, na makala ya maneno elfu moja hailipi kodi ya bedsita. Kwa hivyo karibu kila mwandishi wa burudani ninayemjua ana kofia tatu. Mchana anaandika habari za wasanii, jioni anasimamia kurasa za msanii mmoja mitandaoni, wikendi yuko mlangoni kwenye shoo akikagua tiketi. Hatufanyi hivyo kwa sababu ya tamaa. Mtu anatafuta unga.

Ndiyo maana ujumbe wa aina ile unaingia kirahisi. Meneja mmoja aliwahi kuniandikia, "Msee, isifu tu hiyo EP, nikutumie ya nauli." Hakuwa mtu mbaya. Kwake ilikuwa kawaida, kama chai ya askari barabarani. Nilimjibu kwamba nauli naihitaji sana, lakini naweza kumuuzia kitu kingine: wasifu wa msanii wake, umeandikwa vizuri, wenye bei inayojulikana, na utakaotoka kwa jina lake yeye. Tahakiki aitafute kwa mtu mwingine. Alikubali wasifu. EP yenyewe sijaigusa mpaka leo, na mhariri wangu anajua ni kwa nini.

Sisemi hilo linatatua kila kitu. Mji ni mdogo, msanii unayempima leo ndiye mtakayepanga foleni naye ya kununua smokie kesho. Lakini kuna mambo mawili yaliyofanya kazi Boston na New York ambayo hayahitaji karo wala ofisi. La kwanza ni orodha. Jua wasomaji wako ni akina nani, kwa majina ukiweza, kwa sababu hao ndio watakaokuwa wako hata gazeti likikufuta. La pili ni kusema mapema unakaa upande gani. Ukiwa meneja wa msanii, andika hivyo juu ya makala, sentensi moja tu inatosha, au usimwandike kabisa. Ukitaka kuhamia lebo, hama, tena tutakupigia makofi. Ile makala ya Mays ilikuwa na kurasa tatu, na sentensi hiyo moja ndiyo iliyokosekana.