Nukta za Lund na Mipaka ya Karatasi

Elisha Gray, yule Mmarekani aliyeshindana na Alexander Graham Bell juu ya haki ya uvumbuzi wa simu naye akashindwa, hakuiacha azma yake ya kusafirisha athari ya mwanadamu kwa umeme. Na mnamo Julai 1888 alipata hataza ya telautografu, chombo ambacho kalamu yake ilifungwa nyuzi, hata kila mwendo wa mkono wa mwandishi ukageuka mkondo wa umeme, ukapita katika waya, ukaiamuru kalamu ya pili iliyo mbali iandike maneno yale yale kwa mwandiko ule ule. Watu walikitazama chombo hicho katika maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, na mabenki yakakiona kina manufaa. Mwaka 1964 shirika la RAND, huko huko Marekani, likatoa kibao kilichotandazwa waya nyembamba chini ya uso wake ili kompyuta ijue ncha ya kalamu ilipo. Lakini katika vyombo hivi viwili maarifa yalikaa mezani, wala si katika karatasi, na mwandishi ndiye aliyelazimika kuifuata mashine.

Walioipindua kanuni hiyo walikuwa Waswidi wa mji wa Lund. Christer Fåhraeus, ambaye kampuni yake ya C Technologies ilikuwa imekwisha kutengeneza kalamu ya kusoma maandishi yaliyopigwa chapa, alileta fikira kwamba karatasi yenyewe yaweza kuiarifu kalamu mahali ilipo. Na kwa fikira hiyo kampuni ya Anoto ikazaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Karatasi hutiwa nukta ndogo mno, zilizopangwa kwa safu za mraba zenye nafasi ya milimita 0.3 baina yake; ila hakuna nukta ikaayo barabara mahali pake, bali kila moja imesogezwa kidogo juu, chini, kulia au kushoto, na katika kusogea huko ndimo ilimo siri yote. Nukta moja ina hali nne tu, lakini nukta 36, sita kwa sita, katika eneo lisilofika milimita mbili kila upande, hufanya mkusanyo usiorudiwa mahali pengine popote katika ruwaza nzima. Kamera iliyo karibu na ncha hupiga picha makumi kwa makumi kila sekunde kwa mwanga wa infraredi, na kalamu ikatambua ipo wapi. Mwenye kuitazama karatasi kwa jicho huona weupe uliofifia ukaelekea kijivu, basi.

Ruwaza hiyo yote ikitandazwa ingefunika zaidi ya kilomita za mraba milioni 60, kiasi cha mara mbili ya bara la Afrika. Hata hivyo waliotaka kuitumia walipata dhiki ya kurasa. Msomaji atauliza kwa haki: ikiwa hivyo, dhiki hiyo yatoka wapi? Dhiki haikutoka katika hesabu. Ilitoka katika milki. Nchi hii ya nukta ilikuwa na mwenyewe, yaani Anoto, naye aliigawa kama bwana shamba awakodishaye wakulima vipande: kila ukurasa ulikuwa na anwani ya nambari nne, za sehemu, rafu, kitabu na ukurasa, na aliyetaka kuchapa fomu alinunua leseni ya kurasa kadha wa kadha asizozipita. Kwa rai yangu uhaba huo ulitengenezwa kwa ajili ya biashara, ingawa sikatai kwamba ulikuwa na hoja ya usalama ndani yake, kwa kuwa watu wawili wasiojuana wakichapa juu ya anwani moja, hakuna awezaye kusema mwandiko uliopokelewa ni wa nani.

Na hata ndani ya nyumba moja mashaka hayakwisha. Hospitali ikichapa fomu 1,000 za wagonjwa juu ya ukurasa mmoja wa ruwaza, kalamu haina njia ya kupambanua fomu ya huyu na ya yule. Ikimpa kila mgonjwa anwani yake, amani hupatikana, ila akiba ya kurasa zilizolipiwa huyeyuka upesi. Kuna njia ya kati, nayo ni kuzizungusha kurasa chache, anwani ikirudi kutumika mara fomu ya kwanza ikiisha kupokelewa na kufungwa. Hapo ndipo balaa ilipo, maana karatasi moja iliyosahauliwa katika mtoto wa meza, ikija kuandikwa baada ya miezi, maneno yake huingia katika faili la mtu mwingine, na daktari asomaye hana habari.

Mwenye haraka hukimbilia fotokopi, nayo haimfai. Nukta huchapwa kwa wino mweusi wenye kaboni, ambao kamera huuona. Mistari na maneno ya fomu huchapwa kwa weusi uliochanganywa wa samawati, waridi iliyokolea na manjano, usio na kaboni, ambao kamera haiuoni kabisa. Mashine ya fotokopi haina habari ya tofauti hiyo: hupiga vyote kwa unga mmoja mweusi, mistari ikazimeza nukta; na pale nukta zinaposalimika, nakala hubeba anwani ile ile ya asili yake.

Mtihani mkubwa ulikuja Hamburg, Ujerumani, ambako sheria mpya ya uchaguzi ilimruhusu mpiga kura kugawa kura kadhaa kwa wagombea, na kuhesabu kukawa kazi nzito. Serikali ya mji ikakusudia kutumia kalamu ya nukta katika uchaguzi wa 2008: raia aweke alama yake karatasini kama ada, na kalamu ichomekwe katika kompyuta. Hapa mambo yaligeuka kinyume cha hospitali, kwani karatasi ya kura ikiwa na anwani yake peke yake, siri ya mpiga kura imekwisha. Zote sharti ziwe sawasawa. Mwaka 2007 Chaos Computer Club, chama cha Wajerumani wajuzi wa kompyuta, kikaonya kwamba kalamu iliyotiwa hila yaweza kuingizwa kituoni na kuvuruga hesabu, kwa kuwa raia hukaa peke yake na kalamu faraghani. Nimeona hoja hiyo ina uzito kuliko zote zilizosemwa juu ya leseni na anwani: nguvu zote zilikuwa zimetumika kuilinda karatasi, na kalamu ikatolewa mkononi mwa kila apitaye. Novemba ya mwaka huo vyama vya bunge la Hamburg vikaafikiana kuuacha mpango, na kura za tarehe 24 Februari 2008 zikahesabiwa kwa mikono.