Kufaulu Kidato cha Sita Si Kuvuka Mto

Kila vyuo vinapofunguliwa huwasikia wazazi wakiwaaga vijana wao kwa maneno yale yale: "Sasa umefika." Mimi nasema hajafika. Amebadilisha kazi, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Sekondari mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili, na mtihani huuliza yaliyonakiliwa. Chuo kikuu mhadhiri huzungumza saa nzima, hutaja vitabu vya kusoma, kisha huondoka. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani hubaki na ukurasa mweupe. Akili anazo, kazi hiyo mpya ndiyo hajafundishwa.

Jambo hili lina historia yake hapa nchini. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wake wa sheria hawakutimia 20. Katika kundi dogo namna hiyo mwalimu humjua kila mtu kwa jina, na anayeyumba huonekana mapema. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, idadi ikapanda, na ukaribu ule ukawa mgumu kuudumisha.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Kijana alitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuomba nafasi chuo kikuu. Alifika akiwa mtu mzima aliyezoea wajibu, lakini pia aliyekaa mbali na vitabu. Faida na hasara ziliingia kwa mlango mmoja.

Mwaka 1978 chuo kikaanzisha Kitengo cha Stadi za Mawasiliano. Mwanafunzi alifundishwa kusikiliza mhadhara na kuandika muhtasari, kusoma kitabu kwa haraka, na kupanga hoja za insha kwa Kiingereza. Je, ilikuwa lazima? Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walitoa ripoti yao. Kati ya wanafunzi wa chuo kikuu waliowapima, wasiotimia asilimia 20 ndio walioweza kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Na wote hao walikuwa wamefaulu mitihani ya kuwaingiza chuoni!

Kwangu mimi, uzito wa mwaka 1978 ni huu: chuo kilikubali kwamba kumpokea mwanafunzi si kumwandikisha tu. Lakini lugha ni nusu ya safari. Kitengo kimoja hakiwezi kumfundisha mwanasheria na mhandisi namna ya kufikiri katika fani zao. Hiyo ni kazi ya kila mhadhiri wa mwaka wa kwanza: kutoa zoezi dogo wiki za mwanzo, kulisahihisha upesi, na kumwonyesha kijana alipokosea wakati bado anaweza kujirekebisha. Kusubiri mtihani ndiko kunakozaa kile ambacho wanachuo wenyewe hukiita "kudisko".

Wazazi nao wasigombe kwa matokeo ya kwanza. Waulize: anasomaje, anasoma na nani, amekwenda kumwona mwalimu wake? Taifa lililomsomesha mtoto miaka 13, darasa la kwanza hadi kidato cha sita, haliwezi kumwacha azame hatua chache kutoka ukingoni.