Saa ya Mwanariadha, Sikio la Mwamuzi

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alichomoka mbele mara bastola ilipolia na hakupitwa hadi mwisho. Mita 1500 alizimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker, mwana wa nchi mwenyeji, alifika nyuma yake, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani. Bayi alizaliwa Karatu, kwenye nyanda za juu zinazopanda kuelekea kreta ya Ngorongoro, na hakuna aliyedai kwamba Karatu iko mbali mno na Christchurch kiasi cha kuharibu mashindano. Sekunde ya huko ni sekunde ya huku.

Wimbo haupimwi kwa saa. Unapimwa kwa sikio, na sikio limelelewa mahali fulani, kwa lugha fulani. Ndiyo maana suala la nchi za mbali kushiriki mashindano ya nyimbo ya kimataifa, au hata kuyatangaza tu, limezua ubishi mwingi Ulaya kwa zaidi ya miaka arobaini. Kwetu lilibisha hodi waziwazi Septemba 2025, Kenya ilipopeleka mwimbaji Moscow.

Nachagua kulitazama kutoka Karatu na Ngorongoro kwa sababu ya watu wake. Wairaqw huzungumza lugha ya Kikushi. Wadatoga na Wamasai huzungumza lugha za Kiniloti ambazo hazisikilizani. Wahadzabe wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, wana lugha ambayo wanaisimu hawajaipatia ndugu. Ongeza Wabantu waliohamia kwa kilimo na biashara, na Kiswahili kinachowaunganisha wote sokoni. Mtu anayetaka kujua kama nyimbo za watu wasioelewana zinaweza kushindanishwa kwa haki hana haja ya kwenda mbali.

Afrika Mashariki imeshindana kwa nyimbo tangu zamani, na mipaka haikuzuia. Ngoma ya beni ilianzia pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi kwa sare, vyeo na gwaride. Vita vya 1914 hadi 1918 viliibeba kwa miguu ya askari na wapagazi hadi ndani kabisa ya bara. Makundi ya Marini na Arinoti yakawa na matawi katika miji iliyotengana kwa majuma ya safari, na mgeni aliyefika mji asioujua aliwatafuta wenzake wa kundi. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hiyo mwaka 1975.

Usukumani, baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma, wamekuwa wakicheza siku moja, uwanja mmoja, kila upande na watu wake. Mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Mtazamaji akichoshwa na upande huu, anahamia ule, na miguu yake ndiyo kura. Sijaona kanuni ya uamuzi iliyo nyoofu kuliko hiyo, lakini inadai jambo moja: wote wawe wamefika uwanjani, na wote wajue wanachokisikiliza.

Ulaya ilianza kwa njia nyingine. Mashindano ya Eurovision yalifanyika mara ya kwanza Lugano, Uswisi, Mei 1956, kwa nchi saba, chini ya umoja wa mashirika ya utangazaji unaojulikana kwa herufi EBU, ulioundwa mwaka 1950. Lengo la watangazaji hao lilikuwa la kiufundi pia: kuona kama kipindi kimoja kinaweza kurushwa kwa wakati mmoja katika nchi kadhaa. Kwa hiyo mlango wa Eurovision tangu mwanzo haukuwa bara la Ulaya. Ulikuwa uanachama wa umoja huo, na eneo lake linashuka hadi Afrika Kaskazini.

Moroko iliutumia mlango huo mara moja. Mwaka 1980, mjini The Hague, Samira Bensaïd aliimba kwa Kiarabu. Alipata pointi saba, zote kutoka Italia, akawa wa 18 kati ya 19. Moroko haijarudi tena. Lebanon ilijiandaa kuingia mwaka 2005, ikajitoa kwa sababu kanuni zinamlazimu kila mshiriki arushe kipindi chote bila kukata, na shirika lake halikuwa tayari kurusha wimbo wa Israeli. Hapo ndipo kushiriki na kutangaza vinapofungwa fundo moja. Ukikaa mezani unakula kila kilichopakuliwa.

Australia ilifuata njia ndefu, nami naiona ndiyo yenye funzo kwetu. Shirika la SBS lilianza kurusha Eurovision mwaka 1983, kwa nchi iliyojaa wahamiaji kutoka Italia, Ugiriki na Yugoslavia, watu waliokuwa na sababu ya kukesha mbele ya televisheni. Kwa zaidi ya miaka thelathini walitazama bila kupiga kura. Mwaka 2015, mashindano yalipotimiza awamu ya 60, Australia ikaalikwa kuimba Vienna, na Guy Sebastian akawa wa tano. Mwaliko uliosemwa kuwa wa mara moja ukaendelea, na mwaka uliofuata Dami Im akashika nafasi ya pili. Wazungu wengi walinung'unika juu ya ramani. Mimi naona Waaustralia walikuwa wamekwisha kulipa karo: walijua nyimbo za wenzao kabla ya kuleta zao.

Kiswahili nacho kimeingia Eurovision, ila kwa mlango wa uani. Stella Mwangi, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Norway, alishinda mchujo wa taifa wa Norway Februari 2011 kwa wimbo "Haba Haba", ambao sehemu yake ni Kiswahili. Mei mwaka huo aliuimba Düsseldorf, Ujerumani, na hakuvuka nusu fainali. Miaka kumi na mitano kabla yake jambo hilo lisingewezekana, kwa kuwa hadi 1998 kanuni iliilazimu kila nchi iimbe kwa lugha yake. Uhuru wa lugha ulirudi mwaka 1999, na waliomfungulia Stella ni watu walioketi kwenye kikao wakabadilisha kifungu. Bendera iliyopepea ilikuwa ya Norway, na haki ilikuwa ya Wanorway. Wao ndio waliomlea msanii, wakampigia kura, wakamlipia safari.

Sasa tuzichukue kanuni za Eurovision na kupanda nazo hadi Karatu.

Wimbo wa Eurovision hauzidi dakika tatu. Kikomo hicho kilikazwa baada ya mwaka 1957, Italia ilipoleta wimbo uliopita dakika tano. Jukwaani hawaruhusiwi watu zaidi ya sita. Ala hupigwa kwa kanda, sauti ya mwimbaji mkuu ndiyo huwa hai.

Wairaqw wana slufay. Mzee husimama mbele ya mkutano na kutamka beti za baraka na maombi, za mvua, za amani, za mifugo na uzazi, kwa lugha nzito iliyochongwa na vizazi. Waliokaa huitikia, mstari kwa mstari. Bila mwitikio slufay haipo, maana nguvu yake iko katika sauti ya wengi inayoipokea sauti ya mmoja. Haina dakika maalumu. Ukiikata kwenye ya tatu umekata maombi ya watu, na ukiwapunguza waitikiaji wabaki watano umewatoa waliobarikiwa nje ya baraka yao.

Wamasai wa Ngorongoro huimba kwa koo tupu. Olaranyani, kiongozi wa wimbo, hutupa mstari, na morani wanaujibu kwa mngurumo wa chini unaopumua pamoja, huku mmoja mmoja akiingia kati kuruka. Kwa kigezo cha sauti hai wangewashinda wengi, kwa sababu hawana kanda ya kujificha nyuma yake. Kwa kigezo cha watu sita wamekwisha kushindwa kabla ya kufungua kinywa. Nao Wahadzabe wana ngoma ya epeme, inayochezwa usiku usio na mwezi, wanawake wakiimba na wanaume wakicheza gizani kwa njuga miguuni. Hiyo sitaki ipelekwe kwenye jukwaa lolote lenye taa. Ni ibada, na giza ni sehemu yake.

Kwa hiyo umbali si kizuizi chetu. Kizuizi ni kikao. Anayeandika muda, idadi na namna ya kupiga kura ameshachagua aina ya wimbo utakaoshinda, hata kama moyo wake ni mweupe.

Wala si kwamba watu wa mbali hawasikii nyimbo zetu. Them Mushrooms wa Kenya walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M wakautoa kwa sura yao huko Ulaya. Leo wahudumu wa hoteli za Karatu humwimbia mgeni wimbo huo akiwa na keki ya siku ya kuzaliwa mbele yake. Ni wimbo mzuri wa kukaribisha, na waliutunga kwa ajili ya wageni. Ila mtalii anayepita lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, asubuhi na kurudi jioni anaweza kuondoka akidhani amesikia muziki wa mahali hapa, hali slufay na wimbo wa olaranyani vilikuwa ng'ambo ya kilima. Kwenye maboma ya utalii ndani ya hifadhi, nyimbo za Kimasai zimekwisha kufupishwa ili ziishe kabla gari halijaondoka. Kanuni ya dakika tatu ilitufikia zamani bila mashindano yoyote.

Tumewahi kushindana na majirani kwa televisheni. Tusker Project Fame ilianza 2006, na mwaka 2010 Peter Msechu wa Tanzania akawa wa pili nyuma ya Davis Ntare wa Uganda. Yalikuwa mashindano ya waimbaji binafsi, wengi wakiimba nyimbo za watu wengine, chini ya kampuni ya bia. Nayathamini kwa jambo moja: yalimfanya mtazamaji wa Tanzania amsikilize Mrundi na Mnyarwanda usiku wa wikiendi kwa hiari yake.

Kisha ikaja Intervision, Moscow, Septemba 2025. Urusi ilikuwa imefungiwa Eurovision tangu 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, nayo ikafufua jina la mashindano ya kambi ya ujamaa yaliyofanyika Sopot, Poland, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kenya ilimpeleka Sanaipei Tande, na Ethiopia, Madagaska, Misri na Afrika Kusini pia ziliimba. Đức Phúc wa Vietnam alishinda. Tanzania haikuwepo.

Wapo wanaosikitika kwamba tulikosa nafasi. Mimi namkumbuka Bayi. Mwaka 1976 alikuwa na umri wa kushinda Olimpiki, lakini Tanzania ilisusia michezo ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500. Mwaka 1980 Tanzania ilikwenda Moscow, Kenya na Marekani zikabaki nyumbani, na Bayi akarudi na fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji. Mara zote mbili nchi ndiyo iliyoamua, kwa sababu zake yenyewe, na mwanamichezo akaibeba gharama. Mwimbaji naye ataibeba. Jukwaa lililojengwa ili kulijibu jukwaa lingine humvalisha kila anayelipanda sare ambayo hakuichagua, na nisingependa msanii wetu aivae kwa sababu tu alialikwa.

Kutangaza ni jambo jingine, na hapo nasema tufungue milango yote, ya Ulaya, ya Moscow na ya kwingineko. Mtu haharibikiwi kwa kusikia. Kushiriki ndiko kunakopaswa kusubiri hadi tutakapoketi kanuni zinapoandikwa, na kikao hicho tunaweza kukiitisha wenyewe. Mashirika ya utangazaji ya Afrika yaliunda URTNA mwaka 1962, yakawa na kituo cha kubadilishana vipindi Nairobi, na tangu 2006 yana umoja mpya, AUB. Tamasha la Karatu, linalohusishwa na jina la Bayi kwa miaka mingi, hukusanya kila Desemba wakimbiaji, na pamoja nao vikundi vya ngoma, kwaya na sarakasi. Loliondo kuna redio ya jamii. TBC inayo maktaba ya kanda iliyorithi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam.

Kazi ya kwanza iwe kulirusha tamasha la Karatu lote, kwa urefu wake, na mtangazaji anayejua Kiiraqw na mwingine anayejua Kimasai wakieleza kinachoendelea. Ifanyike mapema, maana tangu 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na waitikiaji waliozoea kukaa duara moja sasa wametengana kwa mamia ya kilomita. Na kikao chetu kikifika kwenye kifungu cha idadi ya watu jukwaani, iandikwe kwamba kila kundi litaleta waitikiaji wake wote.