Kibali na Ruzuku: Baraza la Sanaa la Taifa na Ngoma za Vijijini, kutoka Dar es Salaam hadi Mbesa

1.0 Utangulizi

Mbesa ni kata ya Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma. Kutoka Songea, makao makuu ya mkoa, hadi mjini Tunduru ni safari ya zaidi ya kilomita 250. Eneo hilo halina tume ya sanaa ya mji. Chombo kinachosimamia sanaa zake ni Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lenye makao yake Dar es Salaam, na mkono wa usimamizi huo wilayani ni afisa utamaduni wa halmashauri. Insha hii inachunguza namna dhana ya kusaidia sanaa ilivyobadilika tangu mwaka 1962. Hoja yake kuu ni kwamba msaada wa dola ulifika kijijini zaidi kwa sura ya kibali kuliko ya ruzuku, na kwamba gharama halisi za ngoma ziliendelea kubebwa na wanakijiji wenyewe.

2.0 Ngoma kama Mali ya Taifa, 1962–1984

Tanganyika ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba 1962, Rais Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Azma yake ilikuwa kurejesha heshima ya mila zilizodharauliwa na wakoloni. Hatua hiyo ilikuwa mageuzi makubwa, kwani chini ya utawala wa kikoloni ngoma ilitazamwa aghalabu kama jambo la usalama: kelele za usiku, mkusanyiko wa watu, na uwezekano wa fujo.

Hata hivyo, njia iliyochaguliwa ilikuwa ya kuiondoa ngoma mahali pake. Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kilikusanya ngoma za makabila mbalimbali na kuzifupisha zitoshe jukwaani. Ngoma ya kukesha ikawa ya dakika chache, na watazamaji wakatengwa na wachezaji. Baada ya kikundi hicho kuvunjwa, kazi ya kufundisha ilichukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Kwa utaratibu huo, taifa lilipata hazina ya ngoma, lakini kijiji kilichozitoa hakikupata fungu la kudumu.

3.0 Baraza na Afisa Utamaduni

Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 iliunganisha baraza la sanaa na baraza la muziki yaliyokuwapo tangu miaka ya 1970, na kuunda BASATA. Baraza lilipewa majukumu ya kufufua na kukuza sanaa, kufanya utafiti, kutoa ushauri na kuratibu mafunzo. Pamoja na hayo, lilisajili wasanii na kutoa vibali. Majukumu haya mawili, kulea na kudhibiti, yamekaa ndani ya chombo kimoja hadi leo.

Athari za muungano huo huonekana zaidi wilayani. Afisa utamaduni hutegemea bajeti ya halmashauri, ambayo kwanza hukidhi shule, zahanati na barabara. Kutoa kibali hakuhitaji bajeti kubwa; kununua ngozi za kuwambia ngoma, kusafirisha kikundi au kurekodi nyimbo za manju mzee huhitaji fedha. Kwa hiyo jukumu la kudhibiti hutekelezeka hata pale jukumu la kulea linapokwama.

Mwaka 1998, mwaka mmoja baada ya Sera ya Utamaduni, ulianzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania kwa msaada mkubwa wa Sweden. Mfuko huo ulitoa ruzuku kwa waombaji. Lakini kuomba kulihitaji andiko la mradi, usajili na hesabu zilizoandikwa. Masharti hayo yalikipa nafuu kikundi cha mjini kuliko kundi linalokutana baada ya mavuno na kutawanyika msimu wa kilimo unapoanza.

4.0 Wafadhili wa Kijijini

Katika Tunduru, penye Wayao wengi, jando na unyago vimekuwa miongoni mwa taasisi kuu za kulea ngoma. Wazazi wa wari hutoa nafaka na kuku; ngariba na kungwi hupewa haki zao; wapigaji hulishwa. Huo ni mfumo kamili wa ufadhili: una msimu wake, walimu wake, na njia ya kurithisha nyimbo.

Mfumo huo hauna nafasi ya wazi katika sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi, na inamtaka anayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili apate idhini ya mamlaka. Ulinzi huo una thamani, lakini mwenye kutoa idhini ni mamlaka ya taifa, si ukoo wala kijiji kilichotunza wimbo.

5.0 Hitimisho

Historia hii haioneshi dola iliyopuuza sanaa. Inaonesha dola iliyozithamini sanaa kama alama ya taifa, ikaacha malezi yake kwa watu ambao haikuwahesabu kuwa wafadhili. Kipimo cha BASATA kwa mahali kama Mbesa, basi, hakipaswi kuwa idadi ya vikundi vilivyosajiliwa pekee. Kinachostahili kupimwa ni iwapo mavuno yakiwa haba, ngoma za mwaka huo zitapata wa kuzibeba.